Arobaini kwa Ishirini na Tano

Kwa miaka kumi na tisa hakuna mtu aliyezama katika bwawa la maji ya mji akiwa na pumzi ambayo Mama Mitungi hakuijaza kwa mkono wake. Jina hilo alipewa kazini, likamfuata mpaka nyumbani, na siku hizi hata jirani akija kuazima ungo humwita hivyo hivyo.

Chumba chake kilikuwa nyuma ya karakana, juu ya ngazi za kushukia majini. Ndani mlikuwa na kompresa moja yenye ngurumo ya trekta, hodhi la saruji ambamo mitungi ilizamishwa ipoe wakati inajazwa, meza, kiti cha mbao kilichokwisha kupoteza egemeo lake, na dirisha moja. Dirisha lilitazama ngazi. Zilikuwa ngazi mia moja na sitini, na alizijua zote bila kuzikanyaga mara nyingi, kwa sababu mumewe alizishuka kila wiki na yeye alimsindikiza kwa macho, moja baada ya nyingine, mpaka kwenye jukwaa linaloelea.

Mumewe alikuwa mzamiaji. Wenzake walimwita Kambare, kwa masharubu yake na kwa jinsi alivyopenda matope ya chini. Kazi yake ilikuwa kutunza vile ambavyo watu wa mji hawavioni wanapofungua bomba: milango ya maji, nyufa za ukuta, na chujio kubwa la chuma lililoko chini kabisa, linalozuia magogo na takataka zisiingie kwenye bomba kuu.

Kabla ya kushuka, Kambare alikuwa na kawaida yake. Aliingia chumbani, akabisha mtungi mara mbili kwa kifundo cha kidole, kama mtu anayebisha mlango wa rafiki.

"Umejaza wewe?"

"Nimejaza mimi."

"Basi nimesharudi."

Hayo tu. Hakupima kitu, hakuuliza la pili. Mama Mitungi alikata kipande cha utepe mweupe, akakibandika mtungini, akaandika tarakimu mbili kwa kalamu nene. Ya kwanza mita atakazoshuka, ya pili dakika tangu kichwa kuzama mpaka kichwa kuibuka. Kumi na tano kwa hamsini, kazi ya ukutani. Thelathini kwa thelathini, kazi ya mlango wa maji. Arobaini kwa ishirini na tano, hiyo ndiyo ilikuwa ya mwisho wa vina, kwenye mguu wa chujio. Nne yake aliiandika na mkia mrefu unaopinda chini, na Kambare alisema mkia ule ndio unaomvuta arudi juu.

Kwa watu wengine ndoa ni mambo mengi. Kwao wao, ukiondoa nyumba na binti yao mmoja, ilikuwa maneno hayo matatu kwenye chumba chenye kelele.

Kisha akaja mdogo wa kike wa Mama Mitungi.

Huyu Mama Mitungi alimlea. Mama yao alipofariki, yeye alikuwa na miaka kumi na sita na mdogo wake saba. Ndiye aliyemsuka nywele kila Jumapili, aliyemfunga kamba za viatu, aliyempeleka shule akiwa amemshika kiganja mpaka siku mtoto alipoutoa mkono wake kwa haya. Alipokwenda kusomea mambo ya gesi za wazamiaji, dada mtu ndiye aliyempangia nguo sandukuni. Na aliporudi na cheti, wakubwa wa bwawa wakaamua kuanza kutumia hewa ya namna mpya, na wakamkabidhi yeye. Chumba kikapata meza ya pili, mitungi yote pacha ikavikwa utepe wa kijani na manjano, na Mama Mitungi akapata mkubwa wa kazi ambaye yeye mwenyewe aliwahi kumpenga kamasi.

Hewa hiyo mpya wafanyakazi waliibatiza jina siku ya kwanza. Waliiita hewa nono.

Mdogo mtu aliwafundisha wazamiaji asubuhi moja, hapo hapo karakanani, akiwa amesimama mbele ya ubao. Mama Mitungi hakuhudhuria. Alikaa upande wa pili wa ukuta na kuiwasha kompresa.

"Dada, izime hiyo mashine, nusu saa tu."

"Mitungi haijazwi kwa maneno."

Kwa hiyo somo alilisikia vipande vipande, ngurumo ikimeza yaliyobaki. Alisikia kwamba katika hewa ya kawaida, sehemu ishirini na moja hivi kati ya mia ni oksijeni, na karibu zote zilizobaki ni naitrojeni, ile inayopenya damuni mtu akiwa chini na kumlazimu kurudi juu polepole. Ukiongeza oksijeni, naitrojeni inapungua, na mzamiaji anapata muda mrefu zaidi wa kufanya kazi. Hapo wanaume wakapiga makofi. Alichokosa kusikia ndicho kilichofuata: kwamba oksijeni nayo, mtu akizidi kushuka, hugeuka kuwa sumu. Kadiri hewa inavyonona, ndivyo kina chake kinavyopungua. Ya asilimia ishirini na nane mwisho wake ni mita arobaini. Ya thelathini na mbili, mita thelathini na tatu. Ya arobaini, mita ishirini na tano tu. Ukipita hapo, mwili unaweza kushikwa na degedege bila taarifa, mpira wa kuvutia hewa ukadondoka mdomoni, na maji yakamaliza kazi.

Hakusikia pia kwamba tangu siku ile utepe ungeandikwa upya: ya kwanza asilimia, ya pili mita za mwisho, na chini yake sahihi ya mzamiaji mwenyewe. Au labda aliambiwa baadaye, akaitikia "haya" kwa namna ya mtu anayefunga mlango. Utepe ulikuwa wake. Miaka kumi na tisa. Nani wa kumfundisha kuandika?

Masharti mawili tu yalimfikia, kwa sababu yalimgusa. La kwanza hili. Anayevuta ndiye anayepima. Mzamiaji hawezi kuchukua mtungi kwa neno la mtu mwingine, awe nani. Ni lazima ashike kipimo cha oksijeni kwa mkono wake, akisawazishe kwanza kwenye hewa ya kawaida, kisha akiweke mtungini, asome, aandike, aweke sahihi.

La pili lilikuwa la mafuta. Palipo na oksijeni nyingi, mafuta ni moto unaongoja. Grisi aliyokuwa akipaka kwenye vali zake ikatupwa, kopo zima. Halafu, siku moja Kambare akiwa amesimama pale pale, mdogo wake akanusa na kusema kwa sauti ya upole kabisa, "Dada, umepaka losheni. Nenda ukanawe mikono."

Akaenda akanawa. Alisugua kwa sabuni mpaka viganja vikawa vikavu kama karatasi. Losheni ile ndiyo Kambare alikuwa akisema anaisikia kwenye mpira, kule chini, kwenye giza. Sasa asingesikia kitu.

Kuanzia hapo wivu ulihamia chumbani na kupata mahali pake, kati ya hodhi na kiti. Haukuwa ule wa kwenye simulizi za wanawake bombani. Laiti angemshuku mumewe, angekuwa na la kusema, angefungasha au angepasua sahani. Hakumshuku. Alichokiona kilikuwa kidogo zaidi, na kwa hiyo hakikuwa na jina. Kambare alikipenda kile kipimo kama mtoto anavyopenda simu ya mtu mzima. Aliinama na shemeji yake juu ya kioo chake kidogo, vichwa viwili vikikaribiana, wakingoja tarakimu zitulie.

"Shem, ishirini na saba nukta tisa."

"Umeisawazisha kwanza?"

"Nimeisawazisha, mwalimu."

"Basi rudi nyuma, masharubu yako yanapumulia kipimo."

Wakacheka. Mama Mitungi, kwenye kiti chake kisicho na mgongo, alisikia kicheko hicho kwa masikio yote mawili. Mumewe hakubisha tena mtungi. Hakuuliza nani amejaza. Swali lake sasa lilikuwa "Imesoma ngapi?" na hakumwuliza yeye, aliliuliza hewani, likadakwa na mwingine.

Mambo yakazidi siku binti yao alipopita getini kutoka shule. Alikuwa amesahau ufunguo, na mtu wa kwanza kumwona alikuwa mdogo wa mama yake. Akaita kwa sauti ya kuvuka uwanja, kama anavyomwita siku zote.

"Mama mdogo, mwambie mama anipe ufunguo."

Wanaume waliokuwa wakianika nguo za kuzamia wakaangua kicheko. Kwa sababu neno hilo lina pande mbili. Mama mdogo ni mdogo wa mama yako, na mama mdogo ni mke mwingine wa baba yako, na binti yule hakuwa na habari na upande wa pili.

"Kambare," akasema Mzee wa Kamba, yule anayeshika kamba ya ishara kwenye jukwaa, "kumbe unao Mama Mkubwa na Mama Mdogo, na wote umewaweka chumba kimoja. Halafu unatuambia unaogopa chujio."

Kambare akacheka. Mdogo mtu akacheka huku amejifunika uso kwa kiganja. Mama Mitungi naye akacheka, ila amechelewa kidogo, kama mtu aliyekosa mwanzo wa wimbo. Tangu siku ile pale kazini mdogo wake akawa Mama Mdogo kwa kila mtu, na hakuna aliyekuwa na nia mbaya, na hilo ndilo lililomchoma.

Jioni, akichambua mchele, alimwuliza mumewe, "Ulicheka nini?"

"Lini?"

"Getini."

"Nilicheka mzaha wa mzee. Wewe hukucheka?"

"Nilicheka."

"Sasa?"

"Hakuna."

Kambare akamtazama kidogo. "Mama, yule ni mdogo wako."

"Najua ni mdogo wangu. Mimi ndiye niliyemsuka."

Akaendelea kuchambua mchele uliokwisha kuwa safi.

Siku yenyewe ilianza kwa kazi ndogo. Ratiba ilisema Kambare ataosha ukuta, mita kumi na tano. Asubuhi mdogo mtu alijaza mitungi pacha kwa hewa ya asilimia arobaini, nono kuliko zote walizokuwa wakitumia, ili shemeji yake apate saa nzima ya kusugua bila kuchoka. Akapima, akabandika utepe, akaandika kwa mwandiko wake mdogo ulionyooka: 40/25. Chini akaacha nafasi ya sahihi, maana sahihi si yake. Kisha akapanda ofisini, juu ya ukuta, kupokea simu. Hakumwambia dada yake neno. Siku hizo hawakuwa wakisemezana sana.

Nusu saa baadaye Msimamizi akaingia akihema. Alikuwa mtu mnene, mwenye haraka hata wakati wa kunywa chai.

"Ukuta usubiri. Chujio limeziba, maji yanashuka mjini kote. Kambare aende chini kabisa. Mitungi ya mita arobaini ipo?"

Mama Mitungi akageuka, na macho yake yakatua kwenye ule utepe. Arobaini kwa ishirini na tano. Kazi ya mguu wa chujio, kama alivyoiandika mwenyewe mara mia. Mita arobaini, dakika ishirini na tano.

Hakuwaza kwamba ni bahati. Aliwaza jambo moja tu: kumbe alishajua. Kumbe mdogo wake aliijua kazi hii tangu asubuhi, akajaza, akaandika, akaondoka zake, na yeye mwenye chumba anaambiwa sasa, na Msimamizi, kama mpita njia. Na nani aliyemwambia? Aliwaona pale bombani asubuhi, Kambare akisuuza miwani yake, mdogo mtu amesimama kando akisema kitu. Ndipo walipopangiana. Kweli hakuna aliyepanga lolote, kwa kuwa asubuhi ile chujio lilikuwa bado halijaziba. Lakini wivu hauulizi saa.

"Ipo," akasema.

Msimamizi alipotoka, aliinama juu ya mitungi. Ule mwandiko mdogo ulionyooka ulimtazama. Akaubandua utepe kwa ukucha, taratibu, ukatoka mzima, akauviringa kidoleni na kuubandika kwenye aproni yake. Akakata utepe mpya. Akaandika 40/25 kwa kalamu yake nene, nne ikiwa na mkia.

Kambare akaingia amevaa nguo ya kuzamia nusu, mikono ya mpira ikining'inia kiunoni.

"Kipimo kiko wapi?"

Kipimo kilikuwa mezani. Aproni yake ya akiba ilikuwa juu yake. Hakuwa amekificha. Aliitupa aproni pale, nayo ikakaa ilipoangukia.

"Siku hizi hata kubisha umesahau," akasema.

Kambare akasimama. Nje Msimamizi alikuwa akiita jina lake. Akamtazama mkewe, akaona utepe, akaona mkia wa ile nne, akausoma kwa hesabu ya zamani, mita na dakika, na chini ya masharubu kicheko cha zamani kikaanza kujitokeza. Akabisha mtungi mara mbili.

"Umejaza wewe?"

Hapo ndipo angesema hapana. Lilikuwa neno fupi, na lilikuwa karibu.

"Nimejaza mimi."

"Basi nimesharudi."

Akajitwisha mitungi na kutoka. Mama Mitungi akaketi. Kwa muda wa dakika chache alikuwa na furaha ambayo hakuwa ameionja kwa miezi mitatu. Alimsindikiza kwa dirisha ngazi zote, mpaka kwenye jukwaa, mpaka maji yalipofunga juu ya kichwa chake.

Mdogo wake aliingia kalamu ikiwa imechomekwa kwenye nywele.

"Dada, ile mitungi ya arobaini iko wapi?"

"Imeshuka."

"Ukutani?"

"Kwenye chujio. Si ndiyo uliyoiandaa."

"Nani ameshuka kwenye chujio na arobaini?"

"Shemeji yako. Mita arobaini, dakika ishirini na tano. Umeandika mwenyewe, sijabadilisha hata nukta."

"Dada." Alishika ukingo wa meza. "Ile ni asilimia arobaini. Mita ishirini na tano. Akipita pale anaweza kushikwa na degedege."

Utepe wa zamani ulikuwa bado kwenye aproni, umejikunja kama kovu. Mama Mitungi aliutazama mara moja. Tarakimu zilikuwa zile zile, sasa zikasema kitu kingine. Hakuuliza la pili.

Zile ngazi mia moja na sitini, alizozijua kwa macho, sasa alizijua kwa magoti. Kandambili ya kushoto ilibaki kwenye ya thelathini, ya kulia haijulikani ilibaki wapi. Nyuma yake alimsikia mdogo wake akiita "Dada, taratibu," na hakupunguza.

Mzee wa Kamba alikuwa ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, kamba ikipita polepole kati ya vidole vyake.

"Mpandishe," akasema Mama Mitungi.

"Kambare? Ndio kwanza ameshuka. Alisimama kidogo kwenye mlango wa juu, sasa anaendelea."

"Mpandishe, mzee."

"Kwa sababu gani? Nikimvuta bure atanisimanga wiki nzima, unamjua."

Msimamizi akageuka kutoka upande wa pili wa jukwaa. "Kuna nini? Mji hauna maji, mama."

Alikuwa na sentensi moja tu inayoweza kuisogeza ile kamba, na ilikuwa ndiyo sentensi ambayo miezi mitatu yote alikuwa akiipigania isiwe kweli. Mdogo wake alikuwa tayari amefika nyuma yake, anasikia.

"Sikujaza mimi," akasema. "Aliniuliza, nikamwambia nimejaza mimi, na sikujaza. Sijui alichobeba. Anayejua ni huyu."

"Asilimia arobaini," akasema mdogo mtu, pumzi zikimkatika.

Mzee wa Kamba hakungoja agizo. Akavuta mara nne, panda juu. Kamba ilikuwa na alama nyekundu kila baada ya mita tano, na alipozungumza hakuinua macho. "Ya ishirini na tano imepita vidoleni mwangu punde hii."

Kamba haikujibu.

Akavuta tena mara nne. Mapovu yalikuwa yanapasuka juu ya maji, na Mama Mitungi aliyatazama kama mtu anayesoma barua kwa lugha asiyoijua: je, haya ni mapovu ya mtu anayepumua, au ya mpira uliodondoka mdomoni? Yalikuja mengi, yakaacha, yakaja tena. Yakaacha.

Kisha kamba ikatikisika. Moja, mbili, tatu, nne.

"Amesikia," akasema mzee, na kuanza kukusanya.

Alama ya ishirini ikatoka majini, kisha kumi na tano. Kwenye mita tano kamba ikasimama. Mama Mitungi akamshika mzee bega.

"Mbona hapandi? Mvute."

"Mwache," akasema mdogo wake. Akaweka mkono wake juu ya mkono wa dada yake, pale begani kwa mzee. "Anapumzika dakika tatu, ndivyo inavyotakiwa. Hapo alipo sasa yuko salama, dada. Kina hicho hewa ile haimdhuru, inamsaidia."

Zilikuwa dakika tatu ndefu. Wakakaa hivyo, mikono miwili juu ya bega la mzee asiyehusika, na mzee akawa mwungwana, hakusogea.

Kambare aliibuka akiwa na hasira nzuri, ya mtu mzima kabisa. Akautoa mpira mdomoni. "Nani kanivuta? Chujio lilikuwa linakaribia, bado kidogo niligonge kichwa."

Hakuna aliyecheka. Mdogo mtu akainama kusoma kipimo cha kina mkononi mwa shemeji yake. Mita ishirini na saba.

"Ni mimi," akasema Mama Mitungi.

Chujio lilisafishwa mchana na mzamiaji wa pili, kwa hewa ya ishirini na nane aliyoipima mwenyewe. Msimamizi akafungua daftari la matukio juu ya ile meza ya pili na kuuliza nani aandike nini.

"Kosa ni langu," akasema mdogo mtu mara moja. "Niliandika tarakimu bila maneno, mahali ambapo tarakimu zilikuwa na maana nyingine kabla sijaja. Na niliondoka bila kumkabidhi mtu."

Yote mawili yalikuwa kweli. Na Mama Mitungi aliusikia ule wivu ukiinuka tena kutoka kati ya hodhi na kiti, mzima wa afya. Hata hili anataka kulichukua. Amechukua chumba, amechukua utepe, sasa na aibu yangu.

"Nipe kalamu," akasema.

Akaandika kwa mwandiko wake mnene: Nilibandua utepe wa mwenzangu nikaandika wangu. Niliulizwa kama nimejaza, nikasema ndiyo, na haikuwa kweli. Sikumpa mzamiaji kipimo, na kilikuwa mezani. Akaweka sahihi. Msimamizi akasoma, akakuna shingo, kisha chini yake akaandika kwamba naye aliharakisha watu. Mama Mitungi akaambiwa asiguse kompresa mwezi mzima, na asirudi mpaka afaulu somo.

Walirudi nyumbani kwa miguu, yeye na Kambare, kila mmoja upande wake wa barabara, mpaka karibu na duka la mkaa.

"Ungesema tu hukujaza," akasema Kambare.

"Ungepima tu."

Wakatembea.

"Miaka kumi na tisa sikupima," akasema, "kwa sababu yako."

"Nilidhani hiyo ni sifa."

"Hata mimi." Akavuka barabara, akaja upande wake. "Nilifurahi uliponiambia nibishe. Ndiyo sababu sikukitafuta kipimo. Nisikudanganye, nilikiona kimevimbisha ile aproni."

Hilo hakuwa amelitarajia, na hakujua aliweke wapi. Akaenda nalo mpaka nyumbani.

Mwezi ule alifagia karakana, akaosha mikanda mizito ya risasi wanayojifunga wazamiaji, na kila asubuhi saa mbili alikaa mbele ya ubao peke yake, daftari la shule la binti yake magotini. Mwalimu wake alisimama mbele na kuona haya kuliko yeye.

"Asilimia thelathini na sita, dada. Kina?"

"Ishirini na nane na kitu."

"Na hicho kitu?"

"Unakitupa. Hushuki na kitu."

Mdogo wake akacheka, na lile pengo dogo kati ya meno ya mbele likaonekana, lile lile la alipokuwa na miaka saba. Mama Mitungi alilipenda pengo lile, na papo hapo akawaza kwamba Kambare naye huliona kila siku wakiwa juu ya kipimo. Mambo hayo mawili yalikaa pamoja ndani yake, wala moja halikumfukuza mwenzake.

Alipofaulu, aliomba jambo moja: tarakimu zisiandikwe tena peke yake. Maneno yaandikwe yote. Msimamizi alisema utepe utakwisha haraka. Mdogo mtu alisema utepe ukiisha watanunua mwingine.

Siku ya kwanza kurudi, Kambare alikuwa na kazi ya chini kabisa. Alikishika kipimo, akakisawazisha kwenye hewa ya chumba. Akafungua vali taratibu. Shemeji yake upande huu, mkewe upande ule, mikono yake mitupu isiyo na losheni. Tarakimu zikapanda, zikayumba, zikatulia.

"Ishirini na saba nukta tisa," akasoma.

"Masharubu, shem."

"Yamerudi nyuma, Mama Mdogo."

Wakacheka wao wawili, na Mama Mitungi akasikia kichomi kidogo, mahali pale pale. Akasogeza kiti chake karibu zaidi, akakata utepe mrefu kama kiganja na nusu, akaandika polepole. Mzee wa Kamba aliyekuwa mlangoni akasema, "Hebu mtazameni, anamwandikia mumewe barua."

Kambare akabisha mtungi mara mbili.

"Umejaza wewe?"

"Soma," akasema.

Akainama, akasoma kwa sauti, kidole kikifuata mstari: hewa ya asilimia 28, mwisho mita 40, usizidi. Akaupitisha wino juu ya mkia wa ile nne, akashuka chini yake, akaweka sahihi.

"Basi nimesharudi," akasema, na kuzishika ngazi.